Kariakoo, Nyumba Iliyotupokea

Ndugu wanachama, wazee wetu wa Lushoto, Soni, Mlalo, Mtae na Bumbuli, na ninyi vijana mliozaliwa huku mjini,

Mwaka huu, tulipokuwa tukipanga upya vitabu vya fedha vya chama, tulifungua daftari la kwanza la michango. Karatasi zimegeuka rangi na wino umefifia, lakini majina yanasomeka. Kuna safu ya jina, safu ya kijiji alichotoka mtu, safu ya kiasi alichotoa, na safu ya mahali anapokaa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii. Ukurasa baada ya ukurasa imejaa neno moja: Kariakoo, Kariakoo, Gerezani, Kariakoo. Tukachukua daftari la mwaka jana tukaliweka kando yake. Humo tumo Kimara, Mbagala, Tabata, Gongo la Mboto, Mbezi, Chanika. Wachache walioandika Kariakoo wameandika namba ya fremu ya duka. Hakuna aliyeandika nyumba ya kulala.

Katika kazi yetu ya uhasibu, tofauti ya namna hiyo baina ya vitabu viwili haiachwi ipite. Hutafutwa maelezo yake. Tumeyatafuta kwa wazee na katika historia ya mji, na tunayaweka hapa mbele yenu kabla hamjafika kwenye fomu ya ahadi iliyoko mwisho wa kitabu.

Jina la wapagazi

Wajerumani waliupanga mji wa Dar es Salaam kwa sheria za ujenzi. Upande wa bahari palitakiwa nyumba za Kizungu, katikati palikuwa na maduka na makazi ya Wahindi, na nyuma yake ndipo ziliporuhusiwa nyumba za miti, udongo na makuti. Wenyeji wakafupisha mambo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Miaka ya mwisho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kijerumani ilinunua shamba kubwa magharibi ya mji ili Waafrika wahamie huko. Mitaa ikapimwa kwa mistari iliyonyooka, na banda kubwa likajengwa. Vita ikawakuta kazi haijafika mwisho.

Waingereza waliingia Lushoto, wakati huo ukiitwa Wilhelmstal, mwezi Juni 1916. Tarehe 4 Septemba mwaka huohuo wakaiteka Dar es Salaam. Vita ile ilikuwa ya bunduki na pia ya vichwa vya watu. Ng'ombe, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, magari yalikwama kwenye matope, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi likabebwa na binadamu kwa miguu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kambi yao hapa mjini iliwekwa kwenye eneo lile jipya lililopimwa na Wajerumani, na lile banda likawa mahali pa kulala. Waswahili wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako wapagazi waliacha jina hilohilo, na huko huandikwa Kariokor.

Wapagazi waliokufa katika vita ile ni makumi kwa makumi ya maelfu. Wengi wao hawakupigwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa na kwa kuchoka. Askari alijengewa sanamu katikati ya mji mwaka 1927, ameshika bunduki yake, nasi hupita chini yake kila siku. Kwa upande wa mpagazi, kumbukumbu tunayoitamka kila siku ni jina hili la Kariakoo. Tunaomba msomaji alishike jambo hilo: eneo hili limeitwa kwa jina la watu waliobeba mizigo ya wenzao, nao hawakupata haki yao sawasawa. Tutalirudia mbele.

Baada ya vita Waingereza waliendelea na mpango uleule wa kutenga watu. Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha uwanja mpana, ndio Mnazi Mmoja tunaoujua, penye Mnara wa Uhuru. Mwaka 1923 lile banda la Wajerumani likafunguliwa kuwa soko. Viwanja vikagawiwa, watu wakajenga.

Nyumba ya vyumba sita

Ramani ya Kariakoo ilichorwa na serikali, lakini maisha yake yaliundwa na nyumba. Ninyi mliozaliwa juzi hamkuziona nyingi, kwa hiyo tuzieleze. Mbele palikuwa na baraza, mahali pa kukaa, kucheza bao na kuuza vitumbua asubuhi. Ukiingia mlangoni unakutana na ukumbi mrefu unaopita katikati mpaka nyuma. Kushoto vyumba vitatu, kulia vyumba vitatu. Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa uani: jiko, choo, bafu, kamba za nguo, kuku wawili watatu. Kuta zilikuwa za miti na udongo, baadaye zikapigwa lipu. Paa lilianza na makuti, likaja la madebe yaliyofunguliwa na kunyooshwa, kisha mabati.

Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Ndani ya vyumba sita ungeweza kukuta Mzaramo, Mmanyema, Mrufiji, Mnyamwezi, Myao na Mshambaa, kila mmoja na mlango wake, wote na choo kimoja. Hapakuwa na njia ya kuishi hivyo bila kuzungumza lugha moja na bila kujua nani anafagia uani siku gani. Majina ya mitaa yenyewe yanaonyesha mchanganyiko huo: Nyamwezi, Swahili, Congo, Pemba, Mafia, Likoma.

Ofisa wa Kiingereza, J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa wakazi wa Dar es Salaam katika miaka ya 1950, aliandika jambo ambalo wazee wetu walikuwa wakiliishi: mgeni akifika mjini huenda kwanza kwa ndugu au mtu wa kwao, akakaa hapo mpaka apate kazi na chumba. Kwetu sisi wa milimani safari haikuwa fupi. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, lakini haikuunganishwa na reli ya kati mpaka mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya kutoka Mruazi hadi Ruvu. Aliyefika Dar es Salaam kabla ya hapo alikuwa amekwisha kupita barabara mbovu au kuzunguka njia ya Tanga na bahari. Hakuwa mtu wa kurudishwa mlangoni.

Baadhi yetu tulifika mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo tuliziwahi nyumba hizo katika uzee wake. Tulishuka na kikapu cha mapeasi na karatasi yenye jina la mjomba, imeandikwa "muulize sokoni". Mjomba alikuwa na chumba kimoja, mke na watoto wanne. Bibi mwenye nyumba, Mzaramo wa Kisarawe, alitutazama, akahesabu watu wa chumba kile kwa macho, kisha akasema tulale ukumbini, ila mkeka ukunjwe kabla ya adhana ya alfajiri ili watu wapite kwenda uani. Tulilala ukumbini miezi saba. Tulisomea chini ya taa yake. Alipopokea mapeasi alimega moja, akasema ni chachu, akala yote yaliyobaki mbele yetu. Hakuwahi kutudai kodi ya ukumbi, na sisi wakati huo hatukuona kwamba kuna cha kudaiwa.

Katika nyumba kama hizo ndipo chama chetu kilipozaliwa. Wazee wanasimulia kwamba kilichoanza ni kuzikana. Mtu wetu akifa, vyumba vyote sita hutoa, Mshambaa na asiye Mshambaa, na mwili husafirishwa kwa lori lililoleta kabichi usiku uliopita. Lori lilipanda mlima likiwa na jeneza, na siku ya tatu likashuka na mboga. Baada ya kuzikana ikaja karo ya mtoto wa marehemu, baadaye bati la shule, na mwisho daftari tulilolifungua mwaka huu.

Siasa na mpira

Hatutaki kuonekana tumesahau mambo makubwa yaliyofanyika mitaani hapo, ingawa mengi mnayajua. Chama cha African Association, kilichoundwa mwaka 1929, kilikuwa na nyumba yake New Street, leo Mtaa wa Lumumba. Katika nyumba hiyo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Abdulwahid Sykes, mmoja wa watu waliokuwa mbele katika kazi hiyo, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake wa mji kuingia TANU, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwa mwanasiasa. Na timu mbili zinazotugawa hata ndani ya chama hiki, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, moja ina makao yake Jangwani na nyingine Mtaa wa Msimbazi.

Ukiyaangalia yote hayo, yana mtaji mmoja: watu wasio na kitu kikubwa, wanaokaa karibu, wanaochanga kidogo kidogo na kuaminiana juu ya anayeshika fedha. Uhuru nao ulichangiwa hivyo.

Shimoni

Soko la sasa lilijengwa miaka ya mwanzo ya 1970 na kufunguliwa mwaka 1975. Lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo katika Afrika Mashariki. Paa lake la zege limekaa kama miavuli mikubwa iliyoinuliwa juu ya watu, ili hewa ipite na maji ya mvua yakusanywe. Chini kabisa ni ghorofa iliyo ndani ya ardhi, ambayo watu wote huiita Shimoni.

Kwa Mshambaa, Shimoni ni neno la nyumbani. Kabichi, karoti, viazi, nyanya na hoho za milima yetu zilikwenda huko kabla ya wengi wetu kuiona Dar es Salaam. Mama zetu waliijua bei ya Kariakoo kwa kuuliza madereva. Tulisomeshwa na soko hilo.

Hapa lazima tuseme kitu ambacho katika vitabu vya namna hii hakisemwi sana. Viazi na karoti za kwetu zimebebwa miaka mingi kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu yake mpaka linapita kimo chake. Sheria ya vipimo inalikataza, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini shambani hapakuwa na mizani. Mkulima aliuza gunia, mnunuzi akapakia lumbesa, na huku mjini likafunguliwa na kuuzwa kwa kilo au kwa mafungu. Tuseme gunia limebeba kilo 130 na mkulima amelipwa bei ya 100. Katika kila magunia kumi ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu. Hakuna kitabu chochote cha fedha kinachoonyesha magunia hayo matatu, lakini yapo, na kuna mtu aliyeyauza.

Mtu huyo mara nyingine alikuwa mmoja wetu. Tunajua uzito wa sentensi hiyo. Wamo humu wanachama waliokuwa madalali, na wapo waliotoa michango mikubwa kwa fedha iliyopita njia hiyo. Wao nao wana hoja, na tumewasikiliza: dalali hukopesha mkulima mbegu na dawa, hubeba hasara ya lori lililokwama mvua ikikata barabara ya Mombo, hulipa ushuru, na nyanya zikioza zimeoza mikononi mwake. Yote hayo ni kweli na yana gharama. Gharama halali huandikwa na kupunguzwa kwenye bei mbele ya macho ya mkulima. Haifichwi ndani ya kofia ya gunia. Mkulima wa lumbesa ni mpagazi mwingine: amebeba mzigo asiohesabiwa.

Nyumba zinapoondoka

Tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, Kariakoo ilianza kubadilika. Mitumba iliingia, vijana wa mkononi wakajaa, ndio machinga, na baadaye wakaja wanunuzi kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Baraza lililokuwa la bao likawa meza ya viatu, kisha fremu ya duka. Tunaweza kulieleza kwa hesabu bila kumlaumu mtu. Kodi ya fremu moja yenye mlango wa barabarani ilizidi kodi ya vyumba sita vya ndani. Bibi alipofariki, warithi walikuwa wengi na nyumba moja. Nyumba haigawanyiki kwa watu tisa, lakini fedha hugawanyika. Wakauza, au wakaingia ubia na mjenzi: ninyi ardhi, mimi ghorofa. Nyumba tuliyolala ukumbini iliondoka hivyo. Mahali pake pana jengo refu la maduka, na juu ni stoo.

Mabadiliko hayo yameleta utajiri na yameleta hatari. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua usiku, na wafanyabiashara wengi, wa kwetu wakiwemo, walipoteza mtaji wote. Wapo waliohamia masoko mengine na hawakurudi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 20 wakafa. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilisikiliza kama kuna sauti chini ya zege. Tuliwaombea, na tunawaombea tena hapa.

Haya ndiyo maelezo ya tofauti baina ya madaftari yetu mawili. Hatulii kwamba zamani palikuwa peponi. Choo kimoja kwa watu ishirini si jambo la kutamani, na waliokaa vyumba vile walikusudia watoto wao wasikae humo. Kimara na Chanika tuna nyumba zetu wenyewe, zenye geti. Lakini geti limetufanyia jambo moja. Kijana wa Mtae akifika leo kituo cha mabasi, au mama wa Mlalo akiandikiwa kuja Muhimbili, hakuna tena mtaa mmoja wa kumwambia "nenda pale, uliza". Simu inaita, nasi tuko kwenye foleni ya Mwenge. Ukumbi ule ulikuwa huduma, na ulipoondoka hakuna aliyeandika hasara.

Hesabu yetu ya mwaka huu

Ndiyo sababu harambee ya mwaka huu ina mambo mawili tu.

La kwanza ni la fedha. Tunataka kujenga banda la kukusanyia mboga pale Soni, njia ya Bumbuli inapokutana na ya Lushoto, lenye paa, sakafu ya zege, maji, na mizani iliyokaguliwa. Mkulima apime kabla ya kuuza, apewe karatasi yenye kilo zake, na dalali aandike gharama zake juu ya karatasi hiyohiyo. Madalali wanachama watatu wamekubali kuwa wa kwanza kununua kwa mizani hiyo, na mmoja wao ndiye aliyeahidi bati. Makisio yamechapishwa kurasa za mbele, kifungu kwa kifungu, na hesabu zilizokaguliwa zitasomwa mkutano mkuu, kama kila mwaka.

La pili halihitaji shilingi. Kwenye fomu ya ahadi, chini ya sehemu ya kiasi, tumeongeza mstari mmoja: "Naweza kumpokea mgeni mmoja." Anayeweza kumlaza mwanafunzi wiki mbili, au mgonjwa na mwangalizi wake siku tatu, aandike jina na eneo lake. Katibu atatunza orodha. Hatuwezi kuijenga tena nyumba ya vyumba sita katikati ya Kariakoo, maana hata mlango wake hatuwezi kuununua. Lakini vyumba sita tunavyo, vimetawanyika tu: kimoja Tabata, kimoja Mbagala, kimoja Kimara.

Sisi tuliolala ukumbini tumekwisha kuandika majina yetu. Miezi saba, bila kodi, taa ya bibi. Tumejaribu kuiweka deni hiyo kwenye vitabu, tukashindwa kupata safu yake, kwa sababu mdai amefariki na hakuacha hati. Deni la namna hiyo hulipwa kwa anayefuata kugonga mlango.

Karibuni kwenye harambee. Mje na kalamu.